Bibi alilelewa na mtaa mzima, mume wangu hawajui binamu zake: nini kilitokea katikati?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, naishi Atlanta, nimeolewa na Mmarekani Mweusi na tuna watoto wawili. Bibi wa mume wangu alizaliwa 1938 karibu na Clarksdale, Mississippi, akahamia Chicago akiwa msichana. Mama mkwe na mume wangu wamezaliwa Chicago, nasi tumehamia huku Kusini kufuata kazi. Bibi husimulia kwamba mtaa mzima ulimlea. Mama mkwe hapendi kabisa kuzungumzia ya zamani. Mume wangu binamu zake wengi anawaona kwenye simu tu. Jamaa zangu wa nyumbani wananiambia Wamarekani Weusi "hawana familia", nami nakereka lakini sina la kuwajibu. Nini kilibadilika kati ya vizazi hivi, na nitakusanyaje habari za ukoo huu kwa ajili ya wanangu? Halafu kuna jambo jingine: kila mwaka bibi hupokea bili ya kodi ya shamba la ekari 40 kule Mississippi, kwa jina la baba yake aliyefariki 1961. Tulifanyeje shamba hilo?

JIBU: Dada, kabla ya yote hakikisheni kodi ya mwaka huu imelipwa na risiti mnayo mkononi. Shamba nitalirudia mwishoni, maana huwezi kulielewa bila kuifahamu safari ya ukoo wenyewe.

Hao wanaosema Wamarekani Weusi hawana familia, wajibu kwa tarehe. Chini ya utumwa ndoa ya mtumwa haikutambuliwa na sheria. Bwana aliweza kumuuza mume leo na mtoto kesho. Lakini vita vilipomalizika 1865, watu walijitokeza kwa maelfu kuandikisha ndoa zao katika Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru. Kwa miaka mingi baada ya hapo magazeti ya makanisa yao yalijaa matangazo ya watu wanaotafuta mama, watoto na ndugu waliouzwa mbali. Sensa ya 1880 ilikuwa ya kwanza kuandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, na ndani yake kaya nyingi za Weusi zina baba na mama. Mwaka 1960, watoto Weusi wapatao 67 katika kila 100 walikuwa bado wanaishi na wazazi wote wawili. Leo idadi hiyo iko chini sana. Kama tatizo lingekuwa asili ya watu au tabia yao, sensa ya 1900 ingekuwa mbaya kuliko ya 1990. Imekuwa kinyume. Kwa hiyo tafuta kilichotokea ndani ya maisha ya mama mkwe wako, na utakipata kimeandikwa.

Tuanze na bibi. Anaposema mtaa mzima ulimlea, anaeleza mpango wa kazi. Clarksdale iko kwenye bonde la pamba. Familia nyingi Nyeusi pale zililima shamba la mtu kwa kugawana mavuno: mwenye shamba alitoa ardhi, kibanda, mbegu na unga kwa mkopo, vitabu vya hesabu akavishika yeye, na mwisho wa mwaka mkulima aliambiwa amebakiwa na kitu au bado anadaiwa. Mikono ya watoto, shangazi na binamu ndiyo iliyokuwa mtaji. Katikati ya hali hiyo, baba yake bibi kumiliki ekari 40 zake mwenyewe lilikuwa jambo kubwa mno. Kijiji kilishikwa na taasisi zake chache: kanisa, mkunga, shule ambayo mara nyingi wazazi wenyewe walichangia kuijenga (zile zinazoitwa shule za Rosenwald zilikaribia 5,000 kati ya 1912 na 1932), na chama cha kuzikana. Hicho cha mwisho Mtanzania hahitaji kuelezwa. Watu walitoa senti chache kila wiki, na aliyefiwa alipata jeneza na chakula cha matanga. Palikuwa pia na mama mmoja mzee, kwa kawaida akiitwa Big Mama, ambaye nyumba yake ndiyo iliyojua nani ana njaa, nani ana mimba, na mtoto gani ahamishiwe kwa shangazi gani. Na asiye wa damu aliyelelewa humo aliitwa binamu, akazikwa kama binamu.

Kisha pamba ikaacha kuhitaji mikono. Mwezi Oktoba 1944, katika shamba la Hopson nje kidogo ya Clarksdale, mashine za kuchuma pamba zilionyeshwa kwa umati zikifanya kazi shambani. Ndani ya miaka kama 20 iliyofuata maelfu ya familia hazikuwa na kazi pale tena. Ukiongeza vitisho vya wazungu na kunyimwa kura, unaelewa kwa nini treni ya Illinois Central, iliyopeleka watu Chicago, ilijaa. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 Weusi wapatao milioni 6 waliondoka Kusini. Chakula cha njiani kilifungwa kwenye boksi la viatu, kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha na kipande cha keki, kwa sababu behewa la chakula halikuwa la kutegemea kwa msafiri Mweusi.

Uhamaji huo haukuvunja ukoo palepale. Uliunyoosha. Aliyetangulia alimpokea anayefuata, na watu wa mji mmoja wa Mississippi walijikuta kwenye barabara moja ya Chicago na kanisa moja. Wenye nyumba waligawa nyumba ya familia moja kuwa vyumba vingi, kila familia chumba kimoja na choo cha kushirikiana, kwa kodi kubwa, wakijua Weusi hawakuruhusiwa kupanga kwingine. Msongamano ulikuwa mbaya kiafya, lakini shangazi alikuwa bado upande wa pili wa ukuta. Shule zikifungwa majira ya joto, watoto walirudishwa Kusini kwa bibi zao. Emmett Till, kijana wa miaka 14 kutoka Chicago, alikuwa katika safari ya namna hiyo alipouawa Mississippi mwezi Agosti 1955, akiwa mgeni wa mjomba wa mama yake. Muulize bibi kwa upole kama wazazi waliendelea kuwapeleka watoto mwaka uliofuata. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu uzi wa Kusini na Kaskazini katika ukoo wenu.

Sasa mama mkwe, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu kizazi chake ndicho kinacholaumiwa na ndicho kilichobeba mzigo mzito zaidi. Ajira zilizowaleta watu Chicago zilifungwa yeye akiwa mtoto au kijana: machinjio makuu ya Union Stock Yards 1971, kiwanda cha Wisconsin Steel 1980 na wafanyakazi wapatao 3,400, na South Works ya U.S. Steel 1992. Baba aliyekuwa na mshahara wa chuma na bima ya afya alibaki na vibarua. Kabla ya hapo, katika majimbo kadhaa, sheria za msaada wa watoto zilimkatia mama fedha akionekana na mwanamume nyumbani. Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia kanuni ya namna hiyo ya Alabama mwaka 1968, lakini mazoea ya kumficha baba yalikuwa yamekwisha kuingia ndani ya nyumba. Mama akichagua kati ya fedha ya maziwa na jina la baba kwenye fomu, anachagua maziwa. Ukiona karatasi ya miaka hiyo haina jina la baba, usikimbilie kusema hakuwepo.

Nyumba nazo zilibadilika. Robert Taylor Homes, nyumba za kupanga za serikali mjini Chicago zilizokamilika 1962, zilikuwa majengo 28 ya ghorofa 16. Fikiria mama aliye ghorofa ya 14 na mtoto anayecheza chini. Kule Clarksdale jicho la jirani kwenye baraza lilifika hadi mwisho wa njia. Hapa halikufika hata mlangoni pa lifti, na lifti yenyewe ilikuwa mbovu siku nyingi. Kazi ya kulea kwa macho, ambayo mtaa uliifanya bure, haikuwezekana tena. Hata hivyo watu walijipanga upya humo ndani, ghorofa kwa ghorofa, wakibadilishana zamu za kulea na vocha za chakula. Halafu jiji likaanza kuyabomoa, la mwisho likaangushwa 2007, na wapangaji wakatawanywa kwenye mitaa wasiyomjua mtu. Katika miji mingine mitaa ya Weusi ilibomolewa kupisha barabara kuu: Rondo mjini Saint Paul, Black Bottom mjini Detroit, barabara ya Claiborne mjini New Orleans.

Na lilikuwepo gereza. Sheria ya 1986 iliweka kifungo cha chini cha miaka 5 kwa gramu 5 za kokeini ya mawe, iliyouzwa zaidi katika mitaa ya Weusi, na kifungo hichohicho kwa gramu 500 za kokeini ya unga. Uwiano huo wa 100 kwa 1 haukupunguzwa hadi 2010. Hesabu ni nyepesi: ukiwaondoa mtaani wanaume wa miaka 20 hadi 35, ndoa hupungua, na bibi hurudi kuwa mama kwa mara ya pili. Sifahamu ni lipi kati ya haya lililompata mama mkwe wako, lakini ukimya wake una sababu. Usimbane. Mwachie mlango, akitaka ataingia.

Mumeo ni kizazi cha kurudi. Tangu miaka ya 1970 mkondo umegeuka kuelekea Atlanta, Houston, Dallas na Charlotte. Chicago, iliyokuwa na Weusi karibu milioni 1.2 mwaka 1980, ilikuwa na pungufu ya 800,000 mwaka 2020. Safari hii watu hawafuati shangazi. Wanafuata ajira na nyumba nafuu, kila mmoja kwenye kitongoji chake cha pembezoni. Vijana hawaendi kanisani kama bibi zao, kwa hiyo ile daftari hai ya nani anaumwa na nani amejifungua imehamia kwenye kundi la simu. Simu inabeba habari na hata fedha. Haiwezi kumchukua mtoto shuleni saa tisa alasiri. Pengo lilipo ni hapo, kwenye mikono ya karibu, na upendo haujapungua. Kuhusu akina baba, uchunguzi wa taasisi ya afya ya serikali, CDC, uliotolewa 2013 ulionyesha kwamba baba Weusi wanaoishi na watoto wao wadogo huwaogesha, huwalisha na kula nao sawa na baba wengine au zaidi. Wasomee jamaa zako hilo.

Tuje kwenye kukusanya. Kosa la kwanza la wengi ni kuuliza hisia: "Maisha yalikuwaje?" Utajibiwa "yalikuwa magumu lakini tulikuwa na furaha," na kikao kimekwisha. Uliza kazi. Nani alipika Jumapili? Mtu akifa, nani aliosha maiti, nani alipika, fedha alishika nani? Mtoto akifiwa na mama alikwenda kwa nani? Ulipofika Chicago ulilala kitanda cha nani? Kila jibu lina jina. Rekodi kwa simu, dakika 45 zisizidi, asubuhi mzee akiwa na nguvu, mbele yenu albamu ya picha. Mwombe ruhusa kwanza, na baadaye msikilizishe. Andika lakabu zote pamoja na jina la karatasini, kwa sababu mtu aliyejulikana maisha yake yote kwa lakabu sensa haimfahamu. Andika pia kaunti. "Mississippi" peke yake haitakufikisha popote. Clarksdale iko Coahoma, na kaunti ndiyo inayohifadhi vitabu vya ndoa na ardhi.

Kisha omba kijaluba cha programu za mazishi. Karibu kila mama wa umri wa bibi anacho, ndani ya droo au Biblia. Ni karatasi iliyokunjwa, picha ya marehemu mbele, ndani utaratibu wa ibada na wasifu: alizaliwa wapi, wazazi wake, aliokoka kanisa gani, alifanya kazi wapi, waliomtangulia, na waliobaki, hadi wajukuu na "binti wa hiari". Nyuma yake mna waliobeba jeneza na waliobeba maua. Programu 20 zikipangwa kwa miaka zitakupa nusu ya mti wa ukoo bila kufungua kompyuta. Piga picha pande zote, hata ukurasa wa mwisho.

Sensa ifuate, ukirudi nyuma. Za hadi 1950 zimekwisha kufunguliwa kwa umma, maana majina hufungwa kwa miaka 72. Tovuti ya FamilySearch inakuwezesha kutafuta bila malipo. Mtafute bibi kwenye 1950, halafu 1940 akiwa na mwaka mmoja au miwili, kisha wazazi wake 1930, 1920, 1910 na 1900. Sensa ya 1900 ipe siku nzima: inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, na mama amezaa wangapi na wangapi wako hai. Ukikuta 11 na 6, umekutana na makaburi matano ambayo hayamo kwenye simulizi yoyote. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921, kwa hiyo utaruka hadi 1880, halafu 1870.

Tarajia vurugu. Karani aliandika majina kama alivyoyasikia. Umri unarukaruka: mtu wa miaka 24 anakuwa 31 baada ya miaka kumi. "Mpangaji" anaweza kuwa binamu, na mtoto mwenye jina jingine anaweza kuwa mjukuu aliyeletwa. Usiunganishe watu wawili kwa jina moja tu. Taka angalau vitu vitatu vikubaliane, kama jina la mke, jirani na kaunti. Kwa wanaume, angalia kadi za kuandikishwa jeshini za 1917. Chini kushoto zina maelekezo kwamba mwenye asili ya Afrika ikatwe kona hiyo. Siku utakapoiona kadi ya babu yenu imechanika pembe, mwonyeshe mumeo akiwa ameketi. Kwa jina la ukoo la mama, kinachosaidia mno ni fomu ya maombi ya namba ya Social Security (hifadhi ya jamii), iliyoanza 1936, kwani mwombaji aliwataja wazazi wake wote wawili.

Mwaka 1870 utagonga ukuta. Ndiyo sensa ya kwanza kuwataja kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mmiliki. Familia nyingi hukosea hapa kwa kudhani jina lao la ukoo ni la mmiliki wa mwisho; wengi walichukua jina la mmiliki wa zamani zaidi, la baba, au walilochagua wenyewe. Pitia kwanza mikataba ya kazi na vyeti vya ndoa vya Freedmen's Bureau, na vitabu vya Freedman's Bank, benki ya walioachwa huru, ya 1865 hadi 1874. Fomu za benki hiyo mara nyingine zinamtaja mmiliki wa zamani, wazazi, na ndugu walipo.

Sasa shamba. Kama baba yake bibi alikufa bila wasia, au wasia haukuwahi kupelekwa mahakamani, ardhi hiyo ni mali ya warithi wote kwa pamoja. Tuseme alikuwa mjane mwenye watoto 8: kila mmoja ana sehemu 1 ya 8. Aliyekufa akaacha watoto 5, kila mmoja wao ana 1 ya 40. Kwenye ekari 40 inasikika kama ekari moja, lakini hana ekari yoyote anayoweza kuizungushia ua. Ana haki juu ya kila mchanga, sawa na wenzake. Kwa kawaida benki haikopeshi kwa ardhi ya namna hiyo. Na hatari kubwa ni hii: mgeni hununua sehemu ndogo kutoka kwa binamu wa mbali asiyejua thamani yake, kisha huenda mahakamani kuomba shamba lote liuzwe. Kwa njia hii na nyinginezo Weusi waliomiliki ekari zaidi ya milioni 15 karibu na 1910 wamepoteza sehemu kubwa mno.

Mississippi sasa ina sheria ya kulinda mali ya warithi. Mgeni akiomba kuuza, mahakama hukadiria thamani, na warithi wengine wana siku 45 kusema kama watainunua sehemu yake, kisha hupewa muda usiopungua siku 60 wa kulipa. Ndiyo maana orodha ya warithi na anwani zao iwe tayari kabla ya barua kufika. Nenda kwa Chancery Clerk, karani wa kaunti anayetunza kumbukumbu za ardhi, ukachukue nakala ya hati ya ununuzi na historia ya kodi. Kodi isipolipwa ardhi hupigwa mnada, na familia ina miaka 2 tu ya kuikomboa. Chora mti wa warithi, hai na marehemu, pamoja na vyeti vya vifo; zile programu za mazishi zitakusaidia kuwapata waliosahaulika. Kisha wakili afungue shauri la kuthibitisha warithi katika Chancery Court, mahakama ya mirathi na ardhi. Mkishakubaliana, mnaweza kuunda kampuni ya familia na kuhamishia hisa zote humo, ili mtu asiweze kuuza kwa mgeni bila wengine kupewa nafasi ya kwanza. Bibi aandike wasia wake sasa. Na yeyote atakayepiga simu akitaka kununua "sehemu yako ndogo" asijibiwe lolote kabla wakili hajaona.

Makubaliano hayo hayapatikani kwenye kundi la simu. Mahali pake ni mkutano wa ukoo wa majira ya joto, ule wa siku tatu: Ijumaa samaki wa kukaanga na kutambulishana, Jumamosi nyama choma na fulana za rangi moja, Jumapili kanisani. Kama ukoo wenu umeacha kuufanya, anzeni na mdogo wa watu 30, mkitoa taarifa miezi 12 mapema na kukusanya mchango kwa awamu. Fanyeni Clarksdale bibi akiwa bado anaweza kusafiri. Jumamosi asubuhi, kabla moto haujawashwa, mwenye gari kubwa amchukue bibi, mama mkwe na watoto wako hadi mpakani mwa zile ekari 40. Uwe na simu yenye chaji, na bibi aonyeshe kwa mkono kisima kilikuwa wapi, baraza lilitazama wapi, na nani alikaa nyumba iliyofuata.